Usiku wa Saa Saba Mchana

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba nchi yetu haina matatizo. Ilikuwa nayo zamani, ila yalihamishwa. Nasema haya nikiwa Afisa Mfafanuzi Daraja la Pili, mtu aliyeajiriwa na serikali kuwaeleza wananchi kwa nini mambo yako kama yalivyo, na kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa bila kuchelewa hata siku moja. Nikifafanua jambo, linaeleweka. Asiyeelewa huwa hakuja na nia ya kuelewa.

Matatizo yalihamishiwa kwenye mchezo wa simu. Wizara ya Ardhi ilikuwa na foleni ndefu, na Wizara ya Michezo haikuwa na kazi, kwa kuwa timu yetu ya taifa ilikuwa imefungwa na majirani wote na majirani wenyewe wameisha. Basi zikaunganishwa, ikazaliwa Wizara ya Michezo na Ardhi chini ya Mheshimiwa Kibindo, mtu wa shahada nne na sauti nene. Mheshimiwa alikuwa ametoka ziara ng'ambo, na huko alimwona mke wa mwenyeji wake amekaa kwenye kochi anatembeza kijitu ndani ya simu. Kijitu kinaingia dukani, kinajenga nyumba, kinapanga foleni, wala hakimlaumu waziri yeyote. Mheshimiwa akauliza kwa nini nchi yetu isiwe hivyo.

Ndipo ikajengwa Nchi ya Pili, ambayo watu wanaiita Pili tu. Kila raia ana kijitu chake humo, chenye sura yake na jina lake, na hakifunguki mpaka dole gumba lake mwenyewe liguse simu. Kila nyumba ya huku ipo na kule. Ofisi za huku zilifungwa zote zikahamia kule, kwa hiyo ukitaka hati, leseni, ruhusa ya kuoa au ya kuzika, unawasha simu na kukitembeza kijitu chako mpaka dirishani. Kinachoandikwa Pili ndicho sheria. Ikitokea kwamba Pili kuko hivi na huku kuko vile, basi huku ndiko kunakorekebishwa.

Mpaka hapo sidhani kama kuna mtu mwenye swali.

*

Aliyeujenga mchezo huo ni mhandisi mmoja mwanamke, jina lake Tegemea, mpole, hodari, ila hakujua kunyamaza mahali pa kunyamaza. Yeye alitaka siku moja ya Pili iwe dakika arobaini, ishirini za jua na ishirini za giza. Alisema michezo mingi hufanya hivyo kwa sababu moja rahisi: mtu hucheza anapopata nafasi, na wengi hupata nafasi saa ile ile kila siku. Pili ikifuata jua la kweli, alisema, mtu anayetoka kazini magharibi atakuta usiku leo, atakuta usiku kesho, na atazeeka hajawahi kuona duka la humo likiwa wazi. Hayo yote aliyaandika kwenye ukurasa mmoja. Nadhani hapo ndipo alipokosea, maana wizarani kwetu ukurasa mmoja hausomwi.

Mheshimiwa alimjibu mbele ya ukumbi mzima. "Mhandisi anataka serikali iharakishe jua," alisema. "Leo siku iwe dakika arobaini. Kesho atatuambia kipindi cha uongozi kiwe dakika ngapi?"

Ukumbi ulipiga makofi, na wale wa mstari wa mbele walipiga wakiwa wamesimama. Mhandisi akaomba basi mchezo ufuate walau saa ya ukutani. Mheshimiwa akakataa hilo nalo, akasema saa zinatengenezwa ng'ambo lakini jua ni letu. Kwa amri yake kikawekwa kifaa cha kupimia mwanga juu ya paa la wizara, kidude cha kioo chenye ukubwa wa bakuli, tunachokiita Jicho. Jicho likiona mwanga, Pili ni mchana kwa nchi nzima. Lisipoona, ni usiku. Tegemea alihamishiwa kituo cha kupima mvua kule jangwani, na tangu hapo ripoti zake zimekuwa fupi na hazina ubishi.

Kasoro ndogo zilikuwepo, sikatai. Kunguru walipenda kutua juu ya Jicho, na kila kunguru alipotua nchi nzima iliingia gizani, madirisha yakafungwa, mpaka aondoke. Tuliandika kwenye kanuni kwamba huo unaitwa usiku mfupi. Akaajiriwa Afisa Kunguru wa kukaa paani na fimbo. Alipostaafu nafasi yake ikawa wazi, na mpaka leo inasubiri kutangazwa.

*

Kisha ikaitwa Kamati ya Mila, wazee saba na katibu, kwa sababu nchi yenye usiku ni lazima iwe na adabu za usiku. Kamati ilikaa wiki tatu. Ikaamua kwamba jua likizama Pili hakuna kufagia, hakuna kupiga mluzi, hakuna kukata kucha, wala chumvi haiuzwi. Na sindano, kama tulivyofundishwa na bibi zetu, haiuzwi, haiazimwi na haitajwi. Kwa kuwa kamati ilikuwa na bidii, iliongeza kwamba haishikwi pia. Giza likiingia sindano zote za Pili zinatoweka mikononi mwa watu, zinarudi kukicha.

Hakuna aliyepinga. Nani atashona usiku ndani ya simu?

Ila mnajua masjala yetu ilivyo. Tangu enzi za babu zetu faili halikubaliki mpaka lishonwe: karatasi zinatobolewa ubavuni, zinapitishwa uzi mweupe mara nne, fundo linabaki nyuma. Ofisi zilipohamia Pili, Mtunza Masjala Mkuu aligoma kula hadi akaahidiwa kwamba utaratibu huo utahama naye. Kwa hiyo ombi lolote na pingamizi lolote la Pili ni lazima lishonwe na mwenye kuleta, kwa sindano yake, mishono minne.

*

Matokeo yalikuwa mazuri kupita matarajio. Mheshimiwa alifanya ziara ya kikazi Pili, siku ya Jumatano saa nne asubuhi, akatembea barabara zote kubwa na hakumkuta mtu hata mmoja mwenye shida. Aliwakuta wastaafu wachache, wake wawili watatu wa wakubwa, na sisi maofisa. Madirisha hayakuwa na foleni. Alitangaza kwamba foleni, ugonjwa ulioitesa nchi tangu uhuru, umetokomezwa.

Mimi niliwahi kuingia Pili usiku mara moja, na nilijuta. Nchi nzima ilikuwa humo. Wapishi, makuli, walimu, washona viatu, wauguzi wa zamu ya mchana, wote wamesongamana bega kwa bega gizani mbele ya milango iliyofungwa, kila mmoja na jina lake likielea juu ya kichwa. Mbele ya kila mlango kulikuwa na mlinzi, kijitu cha serikali kisichokuwa na mtu nyuma yake, ambacho kilifundishwa maneno mawili tu. "Rudi kukicha," kilisema. Ukikiuliza kwa upole kinasema rudi kukicha, ukikitukana kinasema rudi kukicha. Watu walikuwa wameshazoea. Waliulizana habari za nyumbani, na wako waliochumbiana humo humo gizani, ingawa ndoa zinasajiliwa mchana.

*

Sasa nimfikie Bi Zamaradi, ambaye ni jirani yangu, nyumba ya nne kutoka kwangu.

Bi Zamaradi alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha vyandarua. Aliingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, na simu za wafanyakazi ziliachwa getini kwenye sanduku la mbao. Siku yake ya mapumziko ilikuwa Jumapili, siku ambayo ofisi za Pili nazo zinapumzika. Alikaa na mama yake, Bibi Mwanamkasi, katika nyumba ya vyumba vinne iliyojengwa na marehemu baba yake. Bibi Mwanamkasi hakuwa akiona tena. Lakini ndani ya nyumba ile usingejua, kwa sababu aliijua kwa viganja. Alipita ukutani na mkono wake, akafika jikoni, akawasha jiko, akarudi na kikombe cha chai bila kumwaga. Nje ya kuta zile alikuwa mtu wa kushikwa mkono.

Mkaguzi wa Makazi wa Pili hupita mchana. Alipofika nyumba ya Bi Zamaradi alikuta giza ndani na kijitu chake kimelala sakafuni, hakijibu hodi, kama vinavyolala vijitu vyote ambavyo wenyewe wako kazini. Kijitu cha mama hakikuwepo kabisa. Bibi alisuka mikeka miaka hamsini, dole gumba lake limelainika kama kokoto ya mtoni, na simu haikuweza kulisoma. Mkaguzi akaandika neno moja, gofu. Na gofu la Pili, kwa mujibu wa sheria, linabomolewa huku, ili nchi zetu mbili zilingane.

Taarifa iliingia kwenye simu ya Bi Zamaradi. Haikubandikwa mlangoni, kwa kuwa gofu halibandikwi barua. Alipewa siku kumi na nne za kupinga.

Alikuja kwangu jioni ileile, nyuzi za vyandarua bado ziko kwenye nywele.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu ndani."

Hakukaa. Alinionyesha simu. "Wanasema nyumba yangu haina mtu. Na mimi barua yenyewe nimeisomea ndani yake, nimekaa kitandani kwa mama."

Nilimfafanulia kwamba barua haizungumzii nyumba anayokaa, inazungumzia ile ya Pili. Akaniuliza ni ipi itakayobomolewa. Nikamwambia hii. Akaitazama tena ile barua, nami nilifurahi kuona ameelewa.

Nikaendelea kumpa utaratibu. Pingamizi linapelekwa dirisha namba tatu, siku za kazi, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri, faili likiwa limeshonwa. Aliniambia saa hizo yuko kwenye mashine na simu iko sandukuni. Nikamshauri aombe ruhusa. Akasema ruhusa za kazi nazo huombwa Pili, dirisha namba kumi, mchana, na asiyefika kazini bila ruhusa hufutwa siku hiyohiyo. Kisha akaniuliza ni wapi mtu anaombea ruhusa ya kwenda kuomba ruhusa. Nilimsifu kwa swali zuri na nikaliandika kwenye daftari langu la maswali mazuri.

Akaniuliza pia kama mimi, ninayeshinda wizarani mchana kutwa, siwezi kumpelekea hilo faili. Nikamkumbusha kwamba dole langu linafungua kijitu changu tu. Hilo lilikuwa kweli, na ninalitaja ili mjue kwamba si kila nilichosema siku zile kilikuwa kisingizio.

*

Kwa usiku kumi alijaribu. Alikwenda na kijitu chake dirisha namba tatu, akaambiwa arudi kukicha. Alikwenda kutafuta sindano, akakuta mwuza sindano amekunja jamvi na hata neno lenyewe halikubali kuandikwa. Watu wa gizani walimpa pole. Wengi wao walikuwa na barua kama yake, na wakati mwingine, aliniambia, walikaa tu kwenye ngazi za ofisi wakihesabiana siku.

Jumapili ya mwisho maduka ya Pili yalifunguliwa mpaka adhuhuri kama kawaida, na akapata sindano. Nilimwona barazani kwake, kainamia simu, anashona faili kwa ncha ya kidole, mama yake kakaa pembeni. Bibi hakuona kitu, lakini kazi ya kushona aliijua kuliko sisi wote. Alikuwa akimwambia bintiye akaze uzi, asiuache ulegee katikati, mshono ukilegea mmoja yote inafuata.

Jumatatu ilikuwa siku ya kumi na nne. Asubuhi natoka kwenda kazini nikamkuta mlangoni kwake, hakuvaa sare ya kiwanda, kavaa kanga mpya na kujitanda vizuri kama mtu anayekwenda ofisi ya kweli.

"Leo siendi kazini," aliniambia. "Kazi nitatafuta nyingine. Nyumba sitapata."

Nilimtakia heri. Alinishukuru sana, mno, kuliko nilivyomsaidia.

*

Jumatatu hiyo ilikuwa pia kumbukumbu ya miaka mitatu ya Pili. Mheshimiwa alikuwa ahutubie uwanja wa wizara saa saba mchana, na kamati ya sherehe ilikuwa imetengeneza bango refu kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa nchini. Lilianzia paani likashuka ghorofa sita. Lilikuwa na sura ya Mheshimiwa akicheka, na chini ya kidevu chake maandishi, JUA NI LETU SOTE.

Mimi nilikuwa mezani kwangu, ghorofa ya sita, simu mkononi, nimefungua Pili. Nilikuwa namfuatilia Bi Zamaradi. Kijitu chake kilifika dirisha namba tatu saa mbili kasoro na kikawa cha kwanza, na cha mwisho pia. Karani alikwenda kunywa chai. Aliporudi alitafuta wino. Saa sita ndipo alipolishika faili, akahesabu mishono, akaona mitatu. Wa nne ulikuwa umefichwa na fundo. Bi Zamaradi alimwonyesha, lakini karani alisema yeye anahesabu kinachoonekana, na akamtaka afumue ashone upya. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia asiwe na wasiwasi, muda upo mpaka saa tisa.

Akafumua. Akaanza upya. Mshono wa kwanza, wa pili. Saa saba kasoro dakika tano alipitisha wa tatu, na hapo juu ya vichwa vyetu mafundi wakalivuta bango mpaka ukingoni, likapanda paani, likafunika Jicho.

Pili kukawa usiku. Nyota zikatoka. Sindano ikatoweka mkononi mwake, uzi ukabaki unaning'inia. Karani akafunga dirisha katikati ya neno, na mlinzi akajitokeza pale pale akasema rudi kukicha. Nje ya dirisha langu jua lilikuwa la utosini, askari wa gwaride wanazimia mmoja mmoja.

*

Simu ililia. Nyuma ya sauti ya Bi Zamaradi nilisikia muungurumo, nikajua tingatinga limeshafika. Msimamizi wake, mzee mmoja anaitwa Ngoda, alikuwa amewahi ili asipitwe na saa, ila alivua kofia na kuahidi kwamba hatagusa kitu kabla ya saa tisa, kama ilivyoandikwa.

"Kaka, huko kwenu kuna nini?" aliuliza Bi Zamaradi. "Kumekuwa usiku."

Nilikwenda mwisho wa ukumbi, kwenye dirisha, nikaangalia juu. Nikamweleza habari ya bango. Akasema basi liondolewe, dakika tano tu, amebakiza mshono mmoja. Nikamwambia asubiri.

Nilijaribu, nataka hilo nalo lieleweke. Ruhusa ya kugusa mali ya kamati ya sherehe inatolewa Pili, dirisha la sita. Nilikipeleka kijitu changu mbio gizani mpaka hapo, na mlinzi akaniambia, mimi, mtumishi wa miaka kumi na tisa, nirudi kukicha. Nikampigia mkurugenzi, simu yake imezimwa, yuko uwanjani mstari wa mbele. Nikampata naibu wake. Naibu alisema kulishusha bango hotuba ikiendelea ni kuukunja uso wa Mheshimiwa mbele ya mabalozi. Kisha akaniuliza, kwani Pili sasa hivi ni saa ngapi? Nikamwambia ni usiku. Akasema kama ni usiku basi viongozi hawasumbuliwi usiku, akakata.

Nilirudi kwa Bi Zamaradi na majibu hayo. Alisikiliza.

"Wewe uko wapi sasa hivi?"

"Nimesimama dirishani, mwisho wa ukumbi."

"Hilo bango limefungwa na nini?"

"Kamba."

"Unaiona?"

"Naiona." Ilikuwa imefungwa kwenye chuma nje ya dirisha, fundo moja la kufungia mbuzi. Fundi aliyelifunga alikuwa ameniambia asubuhi, kwa kujisifu, kwamba ukivuta ncha yake kitu chote kinaporomoka.

"Basi ivute, kaka."

Nikaanza kumfafanulia. Nilimwambia kwamba ofisi ni ngazi na kila mtu ana ngazi yake. Nilimwambia kila ofisa akivuta kamba aliyoiona mbele yake hakutakuwa na serikali, kutakuwa na kamba tu. Nilimweleza kuhusu pensheni yangu, nimebakiza miaka michache. Nilimweleza kuhusu mabalozi. Nilizungumza vizuri siku hiyo, pengine kuliko siku zote, na yeye hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza nikasikia Bibi Mwanamkasi akimuuliza bintiye huyo mtu anasema nini.

"Anafafanua, mama," alisema Bi Zamaradi.

Hakukata simu. Aliiweka mahali, juu ya kitu, akaiacha wazi. Nadhani alisahau. Au hakusahau. Nilisimama nayo sikioni, kwa sikio moja nasikia tingatinga, kwa jingine nasikia hotuba ikipanda kutoka uwanjani. Mheshimiwa alikuwa anasema kwamba leo hii, ndugu wananchi, serikali haiko mbali na mwananchi tena, serikali iko mkononi mwake, anaishika, anaisikia inapumua.

Saa tisa ilifika na hotuba haijafika nusu. Mzee Ngoda aliwaongezea robo saa kwa huruma yake mwenyewe. Alikibeba kitanda cha Bibi mgongoni akakitoa nje, akatoa na mtungi na majamvi. Nilimsikia akimuuliza Bi Zamaradi, kwa sauti ya chini, pingamizi linapelekwa dirisha gani, kwa sababu naye amepata barua na tangu aipate hajawahi kukuta pamefunguliwa. Bi Zamaradi alimwelekeza. Namba tatu, alimwambia, na mishono iwe minne, fundo lisifunike.

Kilichofuata sikukisikia vizuri kwa sababu ya makofi. Majirani waliniambia kwamba Bibi alikataa kushikwa. Alikuwa ameweka kiganja ukutani na alitembea nacho nyumba nzima, chumba hadi chumba, taratibu, mpaka kwenye pembe ya baraza ambako ukuta unaishia. Hapo ndipo aliponyoosha mkono ashikwe.

Bango lilishushwa saa kumi na moja. Pili kukapambazuka, watu wa gizani wachache waliokuwa na simu wakashangilia, na baada ya saa moja jua likazama.

*

Mambo mengine yalikwenda vizuri. Mimi nilipandishwa kuwa Afisa Mfafanuzi Daraja la Kwanza, kwa utulivu wakati wa sherehe. Bi Zamaradi alifutwa kiwandani, kama alivyojua, wakapanga chumba kimoja nyuma ya mwuza mkaa. Na kwa kuwa hakuwa na kazi tena, sasa alikuwa na mchana wote. Kila siku aliingia Pili, akakisimamisha kijitu chake mlangoni kwa nyumba yao, ambayo kule haikubomolewa, maana kule haikuhitaji kurekebishwa. Mkaguzi alipita, akamkuta mwenye nyumba mlangoni, jua linawaka, ndani kumefagiwa. Akafuta neno gofu. Barua ikaja: nyumba inakaliwa, isibomolewe.

Alikuja nayo ofisini kwetu. Chumba changu sasa kina kiti cha mgeni, lakini hakukaa. Alisema amesoma kwamba kinachoandikwa Pili ndicho sheria, na huku kukiwa tofauti huku kunarekebishwa. Kule nyumba ipo. Huku haipo. Aliuliza serikali itakuja lini kuijenga.

Nilimfafanulia kwamba marekebisho hufanywa kwa kupunguza, hayafanywi kwa kuongeza. Kifungu kipo, nilimwonyesha. Alikisoma mpaka mwisho, akaikunja barua mara nne na kuiweka kwenye pindo la kanga. Nilimuuliza hali ya mama. Akasema mama haamki siku hizi kuwasha jiko, anakaa kitandani, akitaka maji anaita. Kile chumba bado hakijui kwa viganja.

Nilidhani ameshamaliza. Alifika mlangoni, akageuka.

"Mama ana swali moja, kaka. Ameniambia nisirudi bila jibu. Anauliza, ile kamba ilikuwa mbali?"

Nilitazama meza. Nilitazama daftari la maswali mazuri. Yeye alisubiri, mkono kwenye kitasa, hana hasira yoyote usoni, na ningeshukuru sana kama angekuwa nayo.

"Mwambie ilikuwa mbali," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akaniaga, akashuka ngazi.

Kutoka pale nilipokuwa nimesimama na simu mpaka kwenye kile chuma, mtu hahitaji hata kunyanyua mguu. Nimejaribu mara nyingi, asubuhi, kabla wenzangu hawajaingia. Unanyoosha mkono tu.